Soma Logi Kabla ya Kugusa Diski: Mwongozo kwa Mtunza Seva wa Mirongo

Seva nyingi za kata ya Mirongo, jijini Mwanza, hazijatengewa chumba. Utaikuta moja chini ya meza ya mhasibu wa duka la jumla, nyingine nyuma ya kaunta ya famasi, nyingine juu ya kabati la ofisi ya shule. Ndani yake mna mauzo, hesabu za stoo, mafaili ya wagonjwa na ada za wanafunzi. Anayeitunza mara nyingi ndiye huyohuyo anayebadilisha wino wa printa na kuhangaika intaneti ikikata. Kama mtu huyo ni wewe, mwongozo huu ni wako.

Kabla ya amri yoyote, shika jambo moja. Zana za kuhudumia diski ziko makundi mawili: zinazosoma na zinazoandika. Zinazosoma hukueleza hali ilivyo, hazibadili kitu. Zinazoandika hugusa yaliyomo, na ukiziendesha juu ya diski inayokufa zinaweza kufuta kilekile ulichotaka kuokoa. Mara nyingi hitilafu ya kwanza huwa ndogo, hasara kubwa ikaja pale mtu anapokimbilia kurekebisha. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: soma, nakili, ndipo urekebishe.

Yanayoua diski mjini Mwanza

Umeme ndio wa kwanza. Ukikatika wakati seva inaandika, faili hubaki nusu. Mifumo ya faili ya leo, kama ext4, XFS na NTFS, hujiwekea daftari la ndani la mabadiliko, kwa hiyo mashine ikiwaka tena hukamilisha au kufuta kazi iliyokatizwa. Lakini daftari hilo hulinda zaidi mpangilio wa mfumo wa faili. Hesabu za mauzo zilizokuwa bado kwenye RAM zimekwenda.

Radi inafuata. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na ngurumo nyingi juu ya ziwa huja usiku, wakati ofisi imefungwa na seva imeachwa inawaka. Weka kinga ya radi kwenye umeme, na usisahau waya wa mtandao unaotoka nje, maana nao ni njia.

Tatu ni maji. Jiji limejengwa juu ya vilima vya mawe. Mvua kubwa ikinyesha, maji hukimbilia bondeni, na Mto Mirongo unaokatiza mjini kwenda ziwani hupanda haraka. Seva isikae sakafuni hata kama duka lako halijawahi kuingia maji. Mwisho ni joto: vumbi, pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa kwa makundi, huziba feni na matundu ya hewa. Puliza ndani ya kasha mara kwa mara, mashine ikiwa imezimwa.

Kuhusu UPS: kama haijaunganishwa na seva kwa kebo ya USB, inakuongezea dakika tu. Betri ikiisha, seva itaanguka kama ambavyo ingeanguka bila UPS. Unganisha kebo, sakinisha programu ya NUT au apcupsd, na uiagize seva ijizime yenyewe taratibu kabla betri haijaisha.

Hakikisha logi zipo, na saa ni sahihi

Logi ni kumbukumbu za matukio ambazo mfumo hujiandikia wenyewe. Kwenye Linux nyingi za sasa mwandishi wake ni journald. Kuna mtego hapa: kama saraka ya `/var/log/journal` haipo, kwa mpangilio wa kawaida logi hizo hukaa kwenye RAM, na umeme ukikatika ushahidi wote unapotea. Angalia, na kama haipo itengeneze:

```
sudo mkdir -p /var/log/journal
sudo systemd-tmpfiles --create --prefix /var/log/journal
sudo systemctl restart systemd-journald
```

Kisha fungua `/etc/systemd/journald.conf` uweke kikomo, kwa mfano `SystemMaxUse=1G`, ili logi zenyewe zisije zikaijaza diski.

Saa nayo inahitaji uangalifu. Weka majira kwa amri ya `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Keshia akikwambia, "Fundi, mashine iliganda kwenye saa mbili na robo asubuhi," ujue logi yenye majira ya Afrika Mashariki itasoma 08:15, na ile iliyoachwa kwenye UTC itasoma 05:15. Ukitafuta 02:15 utakuwa unasoma mambo ya saa nane usiku. Weka daftari la kawaida la karatasi karibu na seva, na kila tukio liandikwe kwa saa aliyoitaja mtu na saa iliyo kwenye logi.

Jambo jingine: mfumo wa faili unaobeba logi ukijifunga usiandikwe, logi nazo husimama papo hapo, wakati ambao unazihitaji kuliko wakati wowote. Kama kuna kompyuta ya pili ofisini, elekeza rsyslog ipeleke nakala ya logi huko.

Namna ya kuzisoma

Anza na orodha ya mara ambazo seva imewaka, kisha soma ujumbe wa kerneli kabla haijazimika mara ya mwisho:

```
journalctl --list-boots
journalctl -k -b -1 -p warning
```

Orodha ya kwanza peke yake ina habari. Ukiona seva imewaka mara kadhaa ndani ya wiki moja wakati hakuna aliyeizima, tatizo lako liko kwenye umeme kabla halijawa kwenye diski. Kwenye ujumbe wenyewe, tafuta haya:

- `I/O error, dev sdb, sector ...` Kerneli imeomba data sehemu fulani ya diski ya sdb ikakosa. Angalia namba ya sekta. Ikijirudia ileile, shuku uso wa diski. Zikiwa namba tofautitofauti na karibu yake kuna `hard resetting link`, shuku kwanza kebo, tundu lake au umeme unaoilisha diski.
- `EXT4-fs error` ikifuatiwa na `Remounting filesystem read-only`. Mfumo wa faili umekuta mambo yasiyolingana ukajifunga wenyewe ili usiharibu zaidi. Usiulazimishe ufunguke. Huo ndio wakati wa kunakili.
- `recovery complete` wakati wa kuwaka. Safari iliyopita seva haikuzimwa vizuri, na daftari la ndani limemalizia kazi. Ikitokea mara moja baada ya umeme kukatika si jambo la kutisha. Ikiwa ndiyo kawaida ya kila wiki, kagua UPS.

Kwa Windows Server, fungua Event Viewer, nenda kwenye logi ya System, uchuje kwa namba za tukio. Namba 41 na 6008 zinasema mashine ilizimika bila kuagwa. Namba 7 kutoka chanzo cha disk inasema kuna sehemu mbovu kwenye diski. Namba 153 inasema ombi la kusoma au kuandika ililazimu lirudiwe. Namba 55 kutoka Ntfs inasema mpangilio wa mfumo wa faili umeharibika. Namba 7 na 153 zikianza kuongezeka kabla ya 55, diski ilikuwa inalia siku nyingi.

Iulize diski yenyewe

Diski hujiwekea takwimu za afya yake kupitia SMART. Sakinisha smartmontools, kisha:

```
sudo smartctl -a /dev/sda
sudo smartctl -t short /dev/sda
```

Amri ya kwanza inasoma takwimu. Ya pili inaagiza jaribio fupi la dakika chache. Lile refu, `-t long`, hupitia diski nzima na linaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo liagize jioni baada ya kufunga.

Mstari unaosema `PASSED` usikulaze usingizi. Soma namba zilizo chini yake. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu. Namba 197 ni sekta zinazosubiri kuamuliwa, na 198 ni zile zilizoshindikana kusomwa. Kwenye hizi tatu unatafuta sifuri, na ukikuta zaidi unatazama kama zinapanda wiki hadi wiki. Namba 199 huhesabu makosa ya njiani kati ya diski na ubao wa seva, na mara nyingi dawa yake ni kebo mpya, jambo la bei ndogo sana kulinganisha na diski. Kwa diski za NVMe, soma `Percentage Used` na `Media and Data Integrity Errors`.

Kwa nini uhangaike na sekta chache? Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Walikuta kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la kushindwa kusoma uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 kuliko diski isiyo na kosa hilo. Utafiti huohuo ulionyesha upande wa pili: zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye takwimu za SMART, ukiacha joto. Namba zikipanda, badilisha diski. Zikiwa sifuri, endelea kuweka bakapu vilevile.

Volyumu ikijaa

Malalamiko mengi ya "seva imeharibika" huishia hapa. Soma kwanza:

```
df -h
df -i
sudo du -xh --max-depth=1 /var | sort -h
sudo lsof +L1
```

`df -h` inaonyesha nafasi, na `df -i` inaonyesha idadi ya faili zinazoweza kuandikwa. Volyumu inaweza kukataa faili mpya huku nafasi ipo tele, kwa sababu tu mamilioni ya faili ndogondogo yamemaliza idadi hiyo. `lsof +L1` huonyesha faili zilizofutwa lakini bado zimeshikwa na programu inayoendelea. Nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo iwashwe upya.

Ukitaka kupunguza logi, tumia `sudo journalctl --vacuum-size=500M`, na kwa logi nyingine panga logrotate. Usifute kwa mkono faili za logi za kanzidata, kama `.ldf` za SQL Server au logi za miamala za MySQL, eti kwa kuwa zina jina la logi na ni kubwa. Hizo ni sehemu ya kanzidata yenyewe na hupunguzwa kwa amri za kanzidata baada ya bakapu.

Kama seva inatumia LVM, soma kwa `pvs`, `vgs` na `lvs`. `vgs` ikionyesha nafasi huru, unaweza kuikuza volyumu huku kazi inaendelea, kwa mfano `sudo lvextend -r -L +50G /dev/ofisi/data`. Herufi `-r` inakuza na mfumo wa faili pamoja. Kukuza ni kazi nyepesi, kupunguza ni jambo jingine: ext4 lazima kwanza itolewe kazini, na XFS usiitegemee kupungua. Toa nafasi kidogokidogo.

RAID si bakapu

Kwa RAID ya Linux, tazama `cat /proc/mdstat`. Alama ya `[UU]` ina maana diski zote mbili zipo kazini. `[U_]` ina maana moja imeanguka na unaishi kwa iliyobaki. Seva haitapunguza mwendo wala kulia king'ora kama hukuiagiza, ndiyo maana watu hukaa miezi na diski moja bila kujua. Weka barua pepe yako kwenye mpangilio wa mdadm, na jaribu kwa `sudo mdadm --monitor --scan --test --oneshot` kuona kama ujumbe unafika.

Kabla ya kuchomoa diski mbovu, andika namba yake ya kiwandani kutoka `smartctl -i`, kisha uitafute kwenye lebo ya diski yenyewe. Kuchomoa ile nzima ukaacha mbovu ndiyo ajali kubwa ya RAID. Na RAID hunakili kila kitu, pamoja na ufutaji wa bahati mbaya na virusi. Haikupi jana.

Sasa kurekebisha

Ukishasoma, na dalili zinaonyesha mfumo wa faili umeharibika, fuata ngazi hizi bila kuruka.

Kwanza, tuliza watumiaji. Waambie wafunge programu, kisha simamisha huduma za kanzidata.

Pili, nakili. Kama SMART ni safi, bakapu ya kawaida inatosha. Kama diski yenyewe inakufa, usiendeshe zana ya kurekebisha juu yake hata kidogo. Chukua taswira nzima kwa GNU ddrescue kwenye diski nyingine kubwa kuliko hiyo:

```
sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nakala/sdb.img /mnt/nakala/sdb.map
```

Kinachotangulia ni chanzo, kinachofuata ni mahali pa kuweka nakala. Soma mstari huo mara mbili kabla ya kubonyeza. Ramani ya `.map` hukuwezesha kuendelea ulipoishia umeme ukikatika katikati. Baada ya hapo fanya kazi kwenye nakala.

Tatu, tenganisha volyumu na mfumo kwa `umount`, na ufanye ukaguzi wa kusoma tu. Kuendesha fsck ya kuandika juu ya volyumu inayotumika ni kuharibu kwa mikono yako.

```
sudo e2fsck -fn /dev/ofisi/data
sudo xfs_repair -n /dev/ofisi/data
```

Ya kwanza ni ya ext4, ya pili ya XFS. Zote mbili zinaorodhesha makosa bila kugusa.

Nne, andika. Kwa ext4, `sudo e2fsck -f /dev/ofisi/data`. Ikimaliza, tazama `echo $?`: 0 ina maana hakuna kosa, 1 makosa yamerekebishwa, 4 yamebaki. Faili zilizopoteza majina hutupwa kwenye `lost+found`, zipitie kabla ya kufuta. Kwa XFS, jaribu kwanza kuipachika volyumu ili daftari lake la ndani limalizie kazi, uitoe tena, ndipo uendeshe `xfs_repair`. Chaguo la `-L` hufuta daftari hilo pamoja na mabadiliko yaliyokuwa hayajakamilika. Ni la mwisho kabisa, baada ya nakala.

Kwa Windows ngazi ni zilezile. `chkdsk D: /scan` inakagua huku volyumu inatumika, `chkdsk D: /spotfix` inarekebisha yaliyoorodheshwa kwa muda mfupi, na `chkdsk D: /f` inahitaji volyumu itoke kazini. `/r` hupekua diski nzima sekta kwa sekta. Juu ya diski inayokufa, upekuzi huo ndio unaoweza kuimaliza.

Tano, rudisha volyumu na huduma za kanzidata kazini, kisha hakiki kanzidata. Mfumo wa faili kuwa safi hauna maana kwamba mauzo yako ni mazima. Tumia `DBCC CHECKDB` kwa SQL Server, `mysqlcheck` kwa MySQL, na kama ofisi inatumia programu ya uhasibu yenye zana yake ya kuhakiki, tumia hiyo. Kisha linganisha jumla ya siku ya mwisho na ripoti ya mashine ya EFD.

Bakapu na sheria

Weka nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja nje ya jengo. Kama ofisi iko bondeni Mirongo, nakala ya nje ipelekwe upande mwingine wa jiji, mwinuko mwingine. Nakala ya mtandaoni inafaa, ila isiwe peke yake: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Tanzania ikayumba. Aliyetegemea wingu tu siku hiyo alisubiri. Kila mwezi rudisha faili kadhaa kutoka kwenye bakapu uone zinafunguka.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa angalau miaka mitano, kwa hiyo "diski iliharibika" si jibu la kumpa mkaguzi wa TRA. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakugusa unapompa fundi wa nje diski yenye majina ya wagonjwa au wanafunzi. Andikiana naye, na diski mbovu isiuzwe wala kutupwa kabla haijaharibiwa.

Ratiba ya kubandika ukutani

- Kila asubuhi: `df -h`, `/proc/mdstat`, na kama bakapu ya usiku ilikamilika.
- Kila wiki: `journalctl -p err --since "7 days ago"`, na namba 5, 197, 198 na 199 ziandikwe daftarini.
- Kila mwezi: jaribio refu la SMART, ukaguzi wa RAID, kurudisha faili za majaribio kutoka kwenye bakapu.
- Kabla ya masika na kabla ya vuli: jaribu betri ya UPS kwa kuchomoa umeme huku watumiaji wametoka, safisha vumbi, kagua kinga ya radi na urefu wa seva kutoka sakafuni.

Diski ikigonga kwa sauti, au seva isipoiona kabisa, zima. Kila dakika inayozunguka inapunguza kinachoweza kuokolewa, na kazi hiyo ni ya wataalamu wenye vifaa vya kufungua diski.

Kwa hali nyingine zote, jiulize maswali mawili kabla ya kubonyeza Enter kwenye amri inayoandika: logi imesema nini, na nakala iko wapi? Kama huwezi kumjibu mwenye duka maswali hayo kwa sentensi moja moja, rudi kwenye amri zinazosoma.